Msiba usio na kaburi

Misiba ni ya namna mbili, na maneno yetu ya pole yaliundwa kwa ajili ya mmoja tu. Wa kwanza ni ule ambao maiti yupo. Ameoshwa, amevikwa sanda, ameswaliwa au ameombewa kanisani, amezikwa, na waliomzika wamerudi nyumbani na mchanga ungali katika kucha zao. Wa pili ni ule ambao mtu ametoka na hakurudi, wala hakuna aliyemwona amekufa. Bahari imemchukua, au msitu, au gari lisilo na nambari lililokuja alfajiri. Kwa msiba wa kwanza tunazo siku 3 za matanga, tunayo khitma, tunayo arobaini, na mjane ana eda yake. Kwa ule wa pili hatuna kitu ila kumwambia mwenzetu asubiri. Na tukishasema hivyo, sisi wenyewe hatujui tumemtaka asubiri nini.

Msiba huu wa pili umetuzidia miaka hii hapa Kenya, na khasa hapa Pwani. Mnamo Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, upande wa Malindi, na kabla mwaka haujaisha maiti waliotolewa mchangani walikuwa wamepita 400, na watoto wadogo walikuwa wengi miongoni mwao. Shirika la Msalaba Mwekundu nalo lilikuwa limeandika majina zaidi ya 600 ya watu waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao. Mwishoni mwa Disemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikatangaza kwamba tangu maandamano ya vijana ya mwezi Juni mwaka ule, watu 82 walikuwa wametekwa au kutoweshwa, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025. Na bahari haijaacha kazi yake ya zamani. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawajaisahau meli ya Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, ambayo wengi wa abiria wake hawakuonekana hai wala maiti. Nyumba nyingi za Mombasa zina ukoo Pemba, kwa hiyo kilio kile kilikuwa chetu pia.

Ili tujue kilichokosekana katika nyumba hizo zote, hatuna budi kutazama kwanza matanga hufanya kazi gani pale yanapokaliwa kama ada. Wako watu, na wengi wao ni vijana wasomi, wanaoyaona matanga kuwa ni kupoteza siku na mchele. Katika habari ya mchele huenda wakawa na haki. Khitma nyingine zimegeuka karamu, na nimeziona nyumba zilizokopa ili waliokuja kulia wapate kula nyama. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mara habari itokapo, mfiwa hunyang'anywa kazi zote. Mmoja huenda kutafuta sanda, mwengine huonana na wachimbaji, mwengine hupeleka jina msikitini likatangazwe, na wanawake hushika meko bila ya kuambiwa. Mfiwa hana alilobakishiwa ila kukaa jamvini na kupokea mikono. Kila anayeingia humwuliza ilikuwaje, naye hueleza. Hueleza mara ya kumi, hueleza mara ya ishirini, mpaka yale maneno ambayo asubuhi yalikuwa hayatamkiki yakawa sasa ni habari: aliamka vizuri, akataka maji, akasema kifua kinambana. Wenye haraka hudhani kuuliza kule ni udaku. Mimi naona ndiyo dawa yenyewe. Kisha siku ya tatu matanga huanuliwa, jamvi likakunjwa, watu wakaenda zao. Huzuni ya mfiwa haijakwisha, wala hakuna aliyedai kuwa imekwisha. Ila anajua kwamba kipande kimoja cha njia kimo nyuma yake, na wengine wamekitembea pamoja naye.

Ada hii ina asili, nasi tulisimuliwa chuoni tungali wadogo. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, yaani mwaka 629, Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume (s.a.w.), aliuawa katika vita vya Muta, nchi ambayo leo yaitwa Jordan, mwendo wa siku nyingi kutoka Madina. Akazikwa huko huko. Mtume alikwenda nyumbani kwa Asmaa, mkewe Jaafar, akaita watoto, akawakumbatia huku machozi yakimtoka, na mama yao akafahamu kabla hajaambiwa neno. Ndipo Mtume akawaamuru watu wa nyumbani kwake wawapikie jamaa za Jaafar chakula, kwani limewafika la kuwashughulisha. Akawaacha walie siku tatu. Zilipokwisha akarudi, akasema wasimlilie ndugu yake tena baada ya siku ile, akataka waletwe watoto wa Jaafar, akamwita kinyozi akawanyoa vichwa.

Mwalimu wetu alikuwa akiipenda habari ya kinyozi. Alikuwa akisema kwamba mtoto aliyefiwa na babake haelewi maneno ya wakubwa, lakini anaelewa kichwa chake kinaponyolewa kuwa jambo limetokea na sasa siku nyingine inaanza. Miaka mingi nilikuwa nikiikumbuka kwa sababu hiyo tu. Siku hizi natazama kitu kingine katika kisa hicho. Nyumbani kwa Jaafar hapakuwa na maiti. Hapakuoshwa mtu, hapakubebwa jeneza, na kaburi liliko hapana aliyekuwa na uwezo wa kwenda kulizuru Alhamisi. Hata hivyo matanga yalikaliwa yakaanuliwa, kwa sababu kilikuwapo kitu kimoja kikubwa kuliko jeneza, nacho ni habari ya yakini. Aliyeileta hakuwa mtu wa kukisia.

Sasa mweke Jaafar kando, umtazame Nabii Yaaqub. Wanawe wamerudi jioni wanalia, wameshika kanzu ya Yusuf imepakwa damu. Wanasema mbwa mwitu amemla. Yaaqub aliitazama kanzu ile asiamini. Akawaambia kwamba nafsi zao zimewapambia jambo, naye atashika subira iliyo njema. Hakuna popote katika sura ile tunaposoma kwamba alimkalia Yusuf matanga. Angemkaliaje? Miaka ikapita, na huzuni haikupungua kwa kupita kwake. Ilizidi, mpaka macho yakamgeuka meupe. Na watu wa nyumbani kwake, Mungu awasamehe, wakamwambia maneno yale yale ambayo leo tunawaambia jirani zetu: mbona huachi kumtaja Yusuf, wataka mpaka uugue ufe?

Ningependa wasomaji wangu waliosoma sura hiyo waisome tena kwa jicho hili. Yaaqub alikuwa Mtume wa Mungu. Huwezi kusema imani yake ilikuwa dhaifu, wala kwamba hakuwa radhi na kadari. Kisha angalia hiyo subira njema aliyoisema ilikuwa ya namna gani. Baada ya miaka yote ile, mzee ambaye macho yamekwisha, aliwaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Basi subira yake haikuwa ya kukaa kimya. Alikuwa akisubiri na akitafuta kwa pamoja. Nasi tumeichukua nusu ya kwanza ya kisa tukaiacha ya pili, ndiyo maana mama anayekwenda kituo cha polisi kila Jumatatu kuuliza habari za mwanawe huambiwa na watu wazima wenye ndevu kwamba hana subira.

Katika nchi za ng'ambo wako wataalamu waliofika hapo kwa njia nyingine. Bibi mmoja wa Marekani, Pauline Boss, katika miaka ya 1970 alizichunguza jamaa za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, na mwaka 1999 akatoa kitabu juu ya mambo hayo. Aliona kwamba wake wa marubani wale hawakuwa wagonjwa wala wakaidi. Kilichokuwa na kasoro ni hali yenyewe waliyotiwa, ambayo haina mwisho wa kuushika. Shauri lake ni kwamba wasisukumwe kuchagua kati ya kusema amekufa na kusema yu hai, bali wasaidiwe kuishi huku wakiyabeba yote mawili. Nasema hivi kwa sababu magazeti na redio zetu zimeshika sana ile hesabu ya ngazi tano za huzuni, ya kwamba mtu hukana, hukasirika, hutaka mapatano, huvunjika moyo, kisha hukubali. Ngazi hizo alizitoa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizitoa kwa kuwasikiliza wagonjwa waliokuwa karibu kufa wenyewe. Zilikuja kupachikwa kwa wafiwa baadaye. Sembuse kumpachika mama ambaye hajaambiwa kama mwanawe amekufa! Akubali nini?

Mtaani kwetu yuko mama, na jina lake nitalihifadhi, ambaye mwanawe alitoka kuvua na wenzake wawili msimu wa kusi. Mashua ilionekana imepinduka, nyavu zimo, watu hawamo. Huu ni mwaka wa sita. Baada ya wiki tatu hivi, jamaa walinijia wakitaka niandike tanzia ya kijana isomwe mbele ya watu, maana kazi hiyo najulikana nayo. Nilikwenda nyumbani kwao kama ilivyo desturi, kuuliza sifa zake na nasaba yake. Mama alikuwa akitengeneza mchele uteoni. Akanisikiza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wamwandikia nani?"

Nikamwambia, "Ni hawa walionituma, mama."

"Basi waandikie wao," akasema, akaendelea kupepeta.

Tanzia ina masharti yake. Hutaja siku, hutaja aliyeosha na aliyeshuka kaburini, humwombea marehemu nafasi katika ukiwa wake, kisha huwapoza waliobaki. Ukiyaondoa hayo hubaki na vina tu. Niliacha kuiandika, nikaandika ubeti mmoja kwa sauti ya mama, nao sikuusoma popote mpaka yeye mwenyewe aliponipa ruhusa:

Mato yangu nimetuma, pwani yaende yangoje,
Kila chombo kikikoma, nasema: kingine kije,
Nauliza watu wema, nao wanijibu vije?
Moyo hautaki hima, wataka mwenyewe aje.

Kijana yule ameacha mke pia. Huyo msiba wake una upande mwengine, kwa kuwa mama haulizwi na mtu yeye ni nani, lakini mke huulizwa na kila ofisi. Si mjane, kwa hiyo hana eda ya miezi 4 na siku 10, wala hana urithi. Si mke wa kuonekana, kwa hiyo hana wa kumlisha. Akicheka arusini husemwa, asipokwenda arusini husemwa pia. Jambo hili si geni katika sheria zetu. Sayyidna Umar alihukumu kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka 4, kisha akae eda, kisha awe huru kuolewa. Na katika madhehebu yetu ya Shafi yako maneno mawili, la zamani la Imamu linalokwenda na hukumu hiyo, na la baadaye linalosema angoje mpaka ijulikane yakini. Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo, katika kifungu cha 118A, yasema kwamba mtu ambaye kwa miaka 7 hakusikika na wale ambao kwa kawaida wangemsikia lau yu hai, hukadiriwa kuwa amekufa mpaka ithibitike kinyume chake.

Miaka 4 au miaka 7 haiwezi kuuambia moyo ni lini uache. Inafaa kwa mambo ya ndoa, shamba na akiba ya benki, na hayo si madogo. Wako wanawake wanaokaa miaka 10 na 12 bila ya kujua kwamba mlango huo upo, na kwamba Kadhi anaweza kuwasikiza. Wakweze huwaambia ngoja, na ndugu wa mume, ambao shamba liko mikononi mwao, huwaambia ngoja kwa sauti kubwa zaidi.

Turudi Malindi, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la nyumba na nyumba likawa la nchi. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, wakakana mashtaka, na kesi zao zikaanza kusikizwa mwaka 2024. Hayo ni ya mahakama. Ya wafiwa ni haya: maiti walihifadhiwa katika chumba cha maiti na makontena ya baridi, na jamaa waliotoka pembe zote za nchi wakatolewa damu au mate ili yalinganishwe kwa vipimo vya DNA. Kisha wakaambiwa warudi makwao wangoje. Familia za kwanza zilikabidhiwa maiti wao mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu kaburi la kwanza kufukuliwa, na wakati huo waliokuwa wametambuliwa kwa vipimo walikuwa makumi machache tu katika hao zaidi ya 400. Na ziko nyumba ambazo vipimo haviwezi kuzisaidia kwa wepesi. Pale baba, mama na watoto wote walipoingia msituni, ni nani aliyebaki nje wa kutoa damu?

Mtu anaweza kusema kwamba vipimo ni kazi ngumu, vina gharama, na maabara ni chache. Ni kweli. Lakini kulikuwa na namna ya kuwaambia watu kila mwezi wamefika wapi, hata kama ni kuwaambia kwamba mwezi huu hakuna jipya. Anayengoja kando ya chumba cha maiti hujua kuvumilia jibu baya. Asiloweza kulivumilia ni kutojibiwa, kwa kuwa akili yake hugeuka kiwanda: usiku humfufua mtu, mchana humwua. Siku aliyopewa mifupa ndani ya jeneza na jina juu yake, alilia kilio cha kuzimia, nasi tuliotazama picha zile gazetini tulidhani ameumizwa upya. La, hakuumizwa upya. Alikuwa amefikiwa na siku ya kwanza ya matanga.

Majuma yale yale ambayo Shakahola ilikuwa ikifukuliwa, tarehe 4 Mei 2023, alifariki Bi Mukami Kimathi, mjane wa Dedan Kimathi. Mumewe alinyongwa na Waingereza katika jela ya Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na akazikwa humo mahali pasipojulikana. Basi kwa miaka 66 mwanamke huyu aliziomba serikali moja baada ya nyingine ziutafute mwili wa mumewe ili auzike kwa heshima. Mwaka 2007 walimwekea mumewe sanamu katikati ya Nairobi. Sanamu ni heshima kubwa, wala siidharau. Lakini Bi Mukami hakuacha kuuliza baada ya sanamu, akaendelea mpaka mauti yakamkuta. Yeye alikuwa na yakini ya kifo, tarehe na hata mahali. Lililokosekana ni kaburi. Kama hilo peke yake lilitosha kumkosesha utulivu mtu wa ushujaa ule, tuwaonee haya wale tunaowahimiza wasahau, ambao hawana kaburi wala tarehe.

Watu wa makabila mengine ya nchi hii walilijua tatizo hili wakalitafutia dawa. Wajaluo, mtu wao akifa mahali asikopatikana, huzika tunda la yago, lile refu mfano wa mkono, katika boma lake, na kilio kikawekwa kama cha maiti. Nilipoisikia mara ya kwanza niliiona ni ada ya ajabu. Naona sasa kwamba waliielewa huzuni kuliko wengi wetu, maana mikono ya watu inataka kitu cha kukishika na cha kukifukia.

Ni kwa haja hiyo hiyo nchi nzima ilikaa roho juu mwaka 2019, pale gari lilipoteleza kutoka feri ya Likoni tarehe 29 Septemba likazama na mama na bintiye mdogo. Siku 13 wapiga mbizi walitafuta, mpaka wakalitoa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Wakati ule niliwasikia watu barazani wakisema kwa nini pesa zote hizi, na waliokufa wamekwisha kufa. Aliyesema hivyo hakuwa amekaa pale ufukoni na kumwona mtu ambaye kila siku jua likitua alikuwa hana ruhusa ya kulia wala ya kutolia. Wazee wa Mombasa wanaoikumbuka feri ya Mtongwe, iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 ikafa nayo watu 272 hatua chache kutoka nchi kavu, hawakuuliza suali hilo.

Kwa hawa waliotekwa majumbani na mabarabarani sina la kuzidisha ila hili. Kenya ilitia sahihi mwaka 2007 mkataba wa mataifa wa kuwakinga watu wasitoweshwe, na miaka mingi ikapita bila ya kuuthibitisha. Wakubwa wakiulizwa husema hawajui. Huenda wapo wasiojua kweli. Lakini bahari haina ulimi, na tunaisamehe kwa hilo. Msitu nao hauna. Mtu mwenye cheo, mwenye ofisi na daftari, akinyamaza mbele ya mzazi anayeuliza mwanangu yuko wapi, huyo ameongeza dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza, na hii ya pili huiongeza kila siku.

Nasi majirani tuna letu. Yule mama wa mtaani kwetu, kwa mwaka mzima hakupelekewa hata sinia moja ya chakula. Watu hawakuwa wabaya. Walikuwa wakiogopa kwamba wakipeleka chakula watakuwa wamesema kijana amekufa, na wasipopeleka watakuwa wamesema yu hai, basi wakachagua kupita upande wa pili wa njia. Mwisho alikuja shekhe mmoja akaulizwa juu ya swala ya ghaibu, ile aliyoswaliwa Najashi mfalme wa Habash, alipofia mbali na Mtume akamswalia Madina. Shekhe akajibu kwamba hiyo huswaliwa maiti, na huyu hakuthibitika kuwa maiti, kwa hiyo haifai. Wanawake wakavunjika moyo. Akawauliza, "Je, dua? Nani aliwaambia dua ina masharti ya kaburi? Mwenyezi Mungu ajua aliko. Mwombeeni huko aliko."

Tangu hapo hukutana kwa yule mama kila Alhamisi ya mwanzo wa mwezi baada ya laasiri. Husomwa Yasin, na mwenye kuomba husema "mtoto wetu, popote alipo," wala hakuna anayesema marehemu. Kisha mama huulizwa habari zake, naye hueleza: siku ile aliondoka bila ya kunywa chai, alikuwa amevaa shati la bluu, alisema atarudi kabla ya magharibi. Wanawake wale wameisikia mara nyingi, na bado huuliza. Chakula hupikwa kwa zamu. Mwezi uliopita zamu ilikuwa ya mkewe kijana, ambaye amekwisha kwenda kwa Kadhi na sasa anakaa kwao. Alikuja na sufuria ya wali wa nazi kichwani, akapokewa mlangoni na mama mkwe wake.